Shanga Chini ya Hadubini

Rahmo alikuwa ameshaamua. Jioni hiyo mjomba wake Keynan, aliyemwita kutoka Wajir, akifika, angemwambia amdaie talaka. Mwezi mzima anawashwa sehemu za siri, anatokwa na uchafu mweupe kama maziwa yaliyoganda, na alaumiwe nani kama si Gelle, mumewe, anayekaa Nairobi wiki nzima akiuza ng'ombe? Alinunua vidonge vya rangi mbili dukani hapo mtaani Iftin, akavimeza kimyakimya, na hali ikazidi. Sasa hata ulimi wa mtoto umefunikwa na utando mweupe, na kunyonya hataki.

Mtoto ndiye aliyempeleka zahanati asubuhi ile ya mwaka wa tisini na sita. Ya kwake aliyasema mwisho, macho ukutani.

Nesi Osob hakushtuka. Alichukua sampuli ya uchafu ule, akaipaka kwenye kioo, akachungulia hadubini, kisha akampisha. "Tazama mwenyewe, abaayo, dada yangu."

Rahmo akafumba jicho moja. Shanga. Shanga ndogondogo zimetungana, nyingine zinachipua vitoto ubavuni. Subhanallah, alinong'ona. Mwili huu ameuosha na kuuvisha miaka yote, kumbe hata haujui.

"Fangasi," alisema Osob. "Wengi wetu tunaishi nao bila shida, wakiwa wachache. Zile dawa za rangi mbili, antibiotiki, zimeua wadudu wema waliokuwa wakiwazuia. Huyu mtoto naye wamemwingia mdomoni."

"Kwa hiyo si Gelle?"

"Walikuwa kwako tangu zamani. Una mimba?"

"Hapana."

"Basi vidonge hivi sita si vya kumeza. Kila usiku ukilala, kimoja, ukiingize ndani kabisa. Kuwashwa kukiisha mapema, wewe maliza vyote, na usimgawie jirani. Mtoto mpe matone haya mdomoni akishanyonya. Msipopona, rudini hapa, si dukani."

Kabla ya kuondoka Rahmo aliomba achungulie tena.

Magharibi mjomba alishuka kwenye lori la mbuzi, vumbi hadi kwenye nyusi. Gelle, aliyerudi kutoka Nairobi siku hiyo bila kujua lolote, aliinama na birika akimnawisha mikono.

"Nimesafiri siku mbili," Keynan alimwambia Rahmo. "Sema. Nani amekukosea?"

Rahmo alimtazama mumewe. Mwezi mzima amemhukumu, na hata swali moja hajamuuliza.

"Hakuna, abti. Aliyekosa ni mimi."

Gelle aliinua kichwa, maji yakaendelea kumwagika chini.