Mtihani wa Koridoni

Kila alipotoka hospitali, mume wangu alirudi na neno moja: "Nimefaulu."

Mimi nasoma masomo ya jioni, kwa hiyo neno hilo likawa utani wetu. "Wewe una mitihani yako, Mama Kidoti, na mimi ninayo yangu," alikuwa akisema, ameegemea mlango akihema kama mtu aliyepanda mlima, kumbe ni ngazi zetu tu.

Ni fundi rangi. Vali moja ya moyo wake, kilango cha kupitishia damu, haikuwa ikifunga sawasawa, na madaktari walimwingiza kwenye utafiti wa dawa mpya. Wengine walimeza dawa yenyewe, wengine kidonge kitupu, na hakuna aliyejua nani kapata nini. Anayezidiwa alitolewa na kupelekwa kwa wapasuaji. Kisu ndicho alichokiogopa.

Siku moja niliomba ruhusa kazini, nikamsindikiza kwa mara ya kwanza, binti yetu mgongoni.

Koridoni palikuwa na koni za plastiki, moja kila mwisho. Mgonjwa huzizunguka kwa dakika sita kwa mwendo wake mwenyewe, apimwe amefika umbali gani, na nesi humfuata nyuma, si pembeni, asije akamharakisha. Hata kushangilia haruhusiwi. Ana maneno yake machache yaliyopangwa: "Unaendelea vizuri."

"Dada nesi, nawe kasuku," mume wangu alimtania. "Hata hongera moja huna?"

"Nikikupa wewe na mwenzako nisimpe, utafiti umeharibika, kaka. Haya, anza."

Akaanza. Mungu wangu! Kifua mbele, kama bwana harusi. Huyu nyumbani hulala ameketi, mito imejaa mgongoni. Huyu ameacha hata kumbeba mtoto. Wiki nzima hakushika brashi, hakutoka kitandani ila kwa lazima, nikadhani amezidiwa. Kumbe alikuwa anajiwekea akiba ya pumzi! Aliponipita niliona midomo imeanza kuwa ya kijivu. Nesi aliona mgongo tu.

"Nesi," nikasema, "huyu si mume wangu."

"Unasemaje, dada?"

"Mama Kidoti!" Mume wangu alifoka bila kugeuka. "Usinitie aibu mbele za watu."

"Aibu ya nini? Mwambie unavyolala. Mwambie nani anakufunga kamba za viatu."

Alisimama. Nesi akamketisha, akachuchumaa mbele yake.

"Kaka, nani kakwambia huu ni mtihani? Hapa hakuna anayefeli. Tunataka kujua moyo wako ulivyo, basi."

"Anayeshindwa anapelekwa kwenye kisu. Nimewaona."

"Anapelekwa ili apone."

Mume wangu aliinamisha kichwa. "Mimi nilijua nikitembea vizuri, dawa itakuwa imekubali."

Alipokwisha kupumzika, daktari akiwa amesimama karibu, alitembea tena, sasa kama anavyotembea kwetu. Koni ya pili hakuifikia. Alishika ukuta. Kidoti akachomoza mikono mgongoni mwangu: "Baba, beba." Baba yake alimtazama, mkono haukunyanyuka.

Wakampiga picha ya moyo. Daktari aliitazama kwa muda mrefu, akawaita wapasuaji, wakafunga mlango. Jioni alinikalisha ofisini.

"Vipimo vya nyuma vya kutembea vilituonyesha nafuu, ndiyo maana tukasubiri," alisema taratibu. "Sasa msuli wa moyo umechoka mno. Tukimpasua, kumpoteza mezani ni rahisi kuliko kumsaidia."

"Kwa hiyo hampasui?"

"Hatupasui, mama. Tutampunguzia maji mwilini, apumue kwa nafuu."

"Na baadaye? Akipata nguvu kidogo?"

Daktari alivua miwani. "Akipata, tutatazama upya. Lakini sitaki nikudanganye."

Nilishika hilo la "tutatazama upya" kama mtu anayeshika nyasi majini, nikaenda nalo wodini.

Mume wangu alikuwa macho. Walikuwa wamekwisha kumwambia.

"Umenikasirikia?" nikauliza.

"Nimekukasirikia." Alivuta pumzi, akaimeza. "Umechelewa. Ungekuja siku ya kwanza."

"Hukunialika, baba."

"Ndiyo. Nilitaka nikuletee ushindi tu."

Nililia hapo, mdomo nimeuziba kwa khanga ili Kidoti asiamke. Alinisubiri mpaka nikamaliza.

"Kesho uje mapema," akasema. "Madaktari wanapita asubuhi. Wakiniuliza naendeleaje, mimi nitawaambia vizuri, najijua. Jibu wewe."