Misumari Sita

Semei alipiga deki ukumbi wa abiria wa bandari ya mtoni kuanzia ukutani mpaka kwenye waya, akainua dekio, akavuka, akaendelea upande wa pili. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi. Waya ulikuwa mweusi, mnene kama kidole gumba. Ulitoka kwenye jenereta uani, ukaingia kwa mlango mkubwa, ukakata ukumbi katikati na kuishia kwenye kiyoyozi cha meneja. Haukulala sawasawa hata siku moja. Hapa ulibonyea, pale ulijikunja ukaacha kitanzi.

Abiria wa matishari ya kwenda kaskazini waliuvuka na magodoro, na mbuzi, na watoto mgongoni. Mahamali waliuvuka na magunia mabegani, wasione hata vidole vyao vya miguu. Yote hayo ili mtu mmoja ndani ya chumba kimoja asitoke jasho.

Jumatatu Awien, muuza chai wa getini, alikuwa akimpelekea meneja chai yake ya saa nne. Mguu ukanasa kwenye kitanzi. Birika zima la maji ya moto likammwagikia kuanzia magotini. Semei ndiye aliyemvua viatu, na ngozi ikaja pamoja na viatu.

Zahanati ilimfunga bandeji ya siku moja, kisha ikataka barua. Kama aliumia ndani ya kampuni ya matishari, kampuni iandike barua na atatibiwa mpaka apone. Kama aliumia kwingine, basi. Meneja alisema aliteleza uani kwenye matope. Wiki tatu zilikuwa zimepita mvua haijanyesha Juba. Leo ilikuwa Alhamisi, na Awien alikuwa amelala kwake, mtaa wa Hai Cinema, bandeji ile ile ya Jumatatu imegandamana na nyama.

“Mzee, kuja,” Ayom, meneja mwenyewe, alimwita. Alikuwa kijana aliyelelewa Kenya, shati limenyooka. “Leo mkaguzi wa usalama anakuja. Akiingia, simama hapo katikati, juu ya hiyo waya, ufunike hicho kitanzi. Ushike trei ya soda. Usisonge mpaka aende.”

“Bosi, mimi nasimama juu ya waya kama nini?”

“Kama mtu wa soda. Kwani ni ngumu?”

“Hii waya naweza kupitisha huko juu, bosi. Misumari sita tu. Misumari iko kwangu mfukoni, ngazi iko kwa stoo. Nusu saa haiishi.”

“Hiyo stori tulimaliza. Ukuta umepakwa rangi juzi tu. Hutoboi.”

“Na Awien?”

“Awien alianguka nje.” Ayom alishusha sauti. “Mzee, kibali chako cha kazi kiko kwa droo yangu. Unakitaka ama hukitaki?”

Semei alikuwa na miaka hamsini na miwili, na nyumba ya watu saba kule Uganda iliyokula kutokana na dekio lile. Akachukua trei.

Mkaguzi aliingia saa tano, Celestino kwa jina, viatu vinang'aa, faili kwapani. Semei alikuwa amesimama kwenye waya, miguu imebanana kama askari wa gwaride. Soli zake zilikuwa zimekwisha. Joto la waya lilipenya likampanda unyayoni, naye akafikiria magoti ya Awien. Mahamali walimzunguka na magunia yao. Mmoja, Ojok, Mwacholi mwenzake, alimcheka.

“Ndugu, leo wewe umekuwa nguzo?”

Semei aliweka trei sawa.

“Yule mama aliungulia wapi?” Celestino aliuliza, kalamu tayari.

“Huko nje, chifu. Kwa matope,” Ayom akasema.

Celestino akatazama uani. Upepo ulikuwa unanyanyua vumbi. Hakucheka, wala hakuuliza tena. Akaanza kuandika.

Hapo Semei akarudi nyuma hatua mbili. Chupa ziligongana kwenye trei. Waya ukabaki wazi sakafuni, kitanzi kikitazama juu.

“Mkubwa, ni hapa,” alisema. “Awien ilianguka hapa. Mimi iko nimeona.”

Celestino aliutazama waya kwa muda, kuanzia mlangoni mpaka kwenye kiyoyozi. Kisha akainua kiatu kimoja, akavuka, akainua cha pili. Akiwa njiani akachukua soda kwenye trei.

“Mimi si nimevuka?” alisema. “Mtu akiangalia anakokwenda, anavuka. Malesh, pole, mzee.”

Akaandika, akawasomea kwa sauti: kuanzia leo wauza chai wasiingie ndani ya jengo. “Hatari imeondolewa. Kalas, imekwisha.”

Kumbe hatari ilikuwa Awien. Wakubwa wawili wakaingia chumbani kwenye baridi, wakafunga mlango.

Semei aliweka trei kwenye benchi. Alitoka uani, akazima jenereta. Alichukua nyundo, akabeba ngazi kutoka stoo, akaiegemeza kwenye ukuta wa rangi ya maziwa, akapanda na waya begani. Ojok alitua gunia akaja kuishika bila kuitwa. Pigo la kwanza lilimega rangi ya ukubwa wa kiganja.

Ayom alitoka, jasho limeshaanza. “Nani amezima? Mzee, shuka! Kibali chako nakirarua saa hii. Huna kazi hapa.”

“Sawa, bosi,” Semei alijibu, misumari imebanwa kwenye midomo. “Sogea kidogo. Rangi itakuangukia.”

Alipiga wa pili, wa tatu. Abiria walikaa kwenye mabenchi wakihesabu. Awien bado hakuwa na barua, na nyundo isingemwandikia. Semei alilijua hilo, akapiga wa sita kwa nguvu kuliko yote, akaushindilia waya juu ya mlango, akashuka.

Ojok alijitwika gunia lake. Alipofika katikati ya ukumbi, macho yamezibwa na mzigo, akainua mguu juu sana ili avuke, kama alivyofanya kila siku. Ukashuka kwenye sakafu tupu.