Kilomita Bila Koti

Kila dereva wa majaribio ya magari hapa Heihe, kaskazini kabisa mwa China, ana koti la kijeshi, lile zito la kijani lenye ukosi wa manyoya, na viatu vya sufu vinavyofika magotini. Ukimuuliza, atakwambia ni vya dharura. Mwongo huyo. Tunavivaa ili tuzime hita. Wakati wa baridi hita ndiyo inayoitafuna betri, na ukiizima, gari la umeme ambalo lingekata roho kabla ya kilomita mia nne litajikokota hadi mia nne na hamsini. Namba hiyo hupelekwa kusini, ikapambwa kwenye matangazo na watu ambao kope zao hazijawahi kugandana hata siku moja. Kampuni zote zinafanya hivyo. Zote, nasema, na anayebisha aje nimwonyeshe koti la dereva wake.

Mimi ni Tong Yuzhen. Niliendesha malori ya magogo miaka kumi na mitatu kabla ya Qingyan kuniajiri. Qingyan ni kampuni ndogo ya magari ya umeme kutoka mkoa wa Anhui, huko kusini, na jina lake maana yake ni mbayuwayu. Utani wa jina hilo nimeusikia mpaka masikio yameota sugu.

"Jamani, nani aliwahi kumwona mbayuwayu mwezi wa kwanza?" Chu Dehai huuliza kila ninapoingia mkahawani kwa Dada Jiang. Chu ni dereva wa kampuni kubwa kuliko zote, ana tumbo kubwa na sauti kubwa. "Ndege huyo baridi ikianza tu, anafunga virago!"

Na mkahawa mzima hucheka, kwa sababu kwa Dada Jiang ndiko madereva wa kampuni zote tunakokula jiaozi, vile vifurushi vya unga vyenye nyama ndani, mabega yakigusana, huku mabosi wetu wakitafutana roho kwa kushusha bei kila wiki. Msimu wa juzi kampuni zilikuwa kumi na saba. Sasa ziko tisa. Meza za waliofilisika Dada Jiang amepanga juu yake mitungi ya kabichi chachu.

Dada Jiang mwenyewe anakunja jiaozi kwa vidole vinane. Viwili vya mkono wa kulia vimeishia kwenye kiungo cha kwanza. Mwaka jana alitaka kununua Qingyan, akaniuliza, "Tong, kweli linafika mia nne thelathini kwenye baridi hii yetu?" Nikamwambia linafika. Sahihi yangu ndiyo iliyokuwa kwenye fomu ya majaribio. Lilimzimikia njiani akirudi kutoka mji wa Nenjiang, kilomita ya mia tatu na arobaini tangu alichaji, akakaa humo ndani saa tatu mpaka lori la mkaa lilipopita. Hajawahi kunilaumu kwa neno hata moja. Kila nikienda ananiongezea jiaozi mbili kwenye sahani, na mimi nazila nikiinamisha macho.

Basi Jumanne akaja Mkurugenzi Pan.

Pan Weiliang ndiye mkuu wa uhandisi wa Qingyan. Alishuka kwenye ndege amevaa koti jembamba la ofisini na viatu vya ngozi vinavyong'aa, akanikuta gereji nikikwangua barafu.

"Dada Tong," alisema, hata salamu hakumaliza, "Ijumaa tunazindua gari. Wale wakubwa wametangaza kilomita mia nne themanini za majira ya baridi. Sisi tunasema ngapi?"

"Mia tatu themanini na nane. Hita kwenye nyuzi ishirini na mbili. Nimelipima mara tatu."

"Nahitaji mia nne na hamsini."

"Hata mimi nahitaji kuwa na miaka ishirini, Bosi."

Hakucheka. Alikaa juu ya tairi, akaniambia mambo yamefika shingoni. Kiwandani kuna watu elfu mbili. Uzinduzi huu ukidoda, Qingyan haifiki mwezi wa nne. "Kila mtu anatia chumvi," akasema. "Sisi tukisema kweli peke yetu, tutakufa peke yetu. Wewe tia sahihi tu, kama mwaka jana."

Kama mwaka jana. Damu ilinipanda kichwani. Ningemtupia kile kikwanguo.

"Sitii," nikasema. "Lakini namba unayoitaka naweza kukuletea. Kesho nitalitoa hapa hita ikiwa imezimwa, na wewe utakaa siti ya nyuma, anapokaa mtoto wa mteja. Utavaa hivyo hivyo ulivyokuja. Gari letu haliuzwi na koti la kijeshi ndani yake. Tukifika mia nne na hamsini, nakutilia sahihi mbele ya mashahidi."

"Unadhani nitaogopa?"

"Nadhani utaganda."

Alisimama, akakung'uta suruali. "Saa ngapi?"

Asubuhi ya Jumatano ilikuwa nyuzi thelathini na tatu chini ya sifuri. Koti langu nililiacha mkahawani kwenye msumari, nikavaa sweta na viatu vya kawaida, isije ikasemwa namtesa mtu huku mimi nimejifunika. Chu alitoka na bakuli lake mkononi kutuangalia.

"Bosi Pan!" akapaza sauti. "Ukirudi tutakuweka dirishani, tukuuze pamoja na samaki walioganda!"

Kilomita hamsini za kwanza Pan alikuwa akiongea. Alinieleza jinsi walivyoibuni betri ile, yeye na vijana sita kwenye bohari lililokuwa la mbolea, na jinsi wakubwa walivyokuja kumnunua mara mbili akawafukuza. Pumzi yake iliganda kwenye kioo. Nilikuwa nakwangua kwa kadi ya benki ili nione barabara. Kilomita ya themanini akaanza kugonga viatu sakafuni. Kilomita ya mia na ishirini akaacha.

Kuacha kule sikukupenda.

"Bosi, miguu vipi?"

"Sawa."

"Unaisikia?"

"Endesha."

Nilimwangalia kwenye kioo. Midomo ilikuwa ya kijivu, na mikono ameibana kwapani. Mtu yule alikuwa amejikaza kisabuni, na nikaelewa kwamba hatasema "basi". Angekaa pale mpaka mia nne na hamsini, akaachia vidole vyote kumi ndani ya viatu vyake vya ngozi, kwa ajili ya lile bohari la mbolea. Nilimheshimu, nakiri. Nilimchukia pia. Na nilijua kabisa nikifika na ile namba nitalazimika kutia sahihi, maana neno langu nimeshalitoa.

Nikawasha hita hadi mwisho, nikageuza gari.

"Zima!" alipiga kelele. "Tong Yuzhen, zima, nakuamuru! Unawafukuza kazi watu elfu mbili!"

"Nifukuze na mimi uongeze idadi," nikasema, nikakanyaga mafuta, kama tunavyosema bado hata kwa gari lisilo na mafuta.

Alinitukana njia nzima, kwa lahaja ya kwao, nisiyoijua vizuri, na ni heri.

Mkahawani walimbeba. Chu mwenyewe alimshika kwapa, utani umemwisha. Dada Jiang alimvua viatu na soksi. Vidole vya miguu vilikuwa vyeupe kama unga.

"Msivisugue!" Dada Jiang aliwafokea madereva. "Leteni maji ya vuguvugu. Vuguvugu, siyo ya moto, wapumbavu nyie!"

Alipiga magoti, akaiweka miguu ya Pan kwenye beseni, akaishikilia humo. Baadaye damu ilipoanza kurudi, Pan akawa anauma mkono wa koti lake kwa maumivu. Hapo ndipo alipoona ile mikono iliyomshika.

"Dada," akauliza, "vidole vyako vilipatwa na nini?"

"Gari lenu," alijibu Dada Jiang, kama anayemtajia mtu bei ya kabichi. "Liliandikwa mia nne thelathini. Usitoe mguu kwenye maji."

Pan aliviangalia vile vidole muda mrefu.

"Nani alitia sahihi?" akauliza, ingawa alijua.

"Mimi," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya Dada Jiang, na uso uliniwaka kwa aibu. "Wewe ulinipigia simu ukaniomba, na mimi nikatia. Dada Jiang, mimi ndiye."

"Najua, Tong," alisema bila kugeuka. "Unadhani sijui kusoma? Ongeza maji."

Pan aliomba fomu. Aliandika mia tatu themanini na nane, akaandika nyuzi ishirini na mbili, akanisogezea nitie sahihi. Nikatia.

Ijumaa mchana tuliegemeza simu kwenye chupa ya siki, kampuni tisa tukabanana kutazama. Pan alipanda jukwaani amevaa ndara, miguu imefungwa bandeji. Nyuma yake namba ikawaka: 388.

"Hita ikiwa inawaka," alisema, "na abiria amevaa kama mtu anayekwenda kazini. Hiyo ndiyo namba yetu. Namba za wengine, waulizeni madereva wao walivaa nini."

Mkahawani hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha Chu akacheka.

"Mmejiua! Mia tatu na ushee? Mbayuwayu kwaheri! Dada Jiang, ile meza yao tayarishia kabichi!"

Lakini Jumamosi asubuhi, Chu alipomaliza supu na kunyoosha mkono kuchukua koti lake msumarini, halikuwepo. Lilikuwa limekunjwa mapajani mwa Dada Jiang, na viatu vya sufu vimewekwa juu.

"Leta, Dada. Naenda kupima."

"Nenda. Koti lako utalikuta ukirudi."

"Acha utani, nje nyuzi thelathini na moja."

"Gari lako si lina hita? Au gari la mia nne themanini halina hita?"

Mtu mmoja akacheka nyuma. Halafu wengi. Chu akageuka huku na huku akitafuta anayemtetea, hakumpata. Niliona shingo yake ikiiva. Mimi sikucheka. Nilimfungulia mlango.

"Kaka Chu," nikasema, "washa hita uende."

Akatoka na sweta yake.

Gari lake lilirudi alasiri juu ya lori la kubebea magari. Chu aliingia taratibu, hakumtania mtu. Dada Jiang alimrudishia koti, akamwekea sahani ya jiaozi mezani. Kila kijiti cha kulia mle ndani kilikuwa kimesimama hewani.

"Mia tatu sitini na mbili," Chu alisema.

Akaipapasa mifuko ya koti, mmoja baada ya mwingine, akatoa fomu yao ya majaribio yenye nembo ya dhahabu, akaikunjua kando ya sahani.

"Nani ana kalamu?" akauliza.

Nikampa yangu.