Komeo la Ndani

Kaka mkubwa alilitua komeo jipya juu ya meza ya dada yake mshonaji, katikati ya vitambaa.

"Wakwe wanakuja Jumamosi," alisema. "Mdogo wetu apumzike chumbani, tumfungie kwa nje. Mpaka waondoke tu."

Huyo mdogo wao alikuwa seremala, mtu mzima mwenye mvi zake. Ugonjwa wake daktari aliuita skizofrenia. Majirani waliupa majina mengine, hayo tuyaache huko huko kwa majirani. Dawa alimeza, lakini sauti hazikuisha kabisa, na zikizidi alizijibu hata mbele za watu.

Mshonaji alitaka kukataa. Lakini jamani, alikuwa amechoka! Alilala jicho moja wazi, wateja walianza kumkwepa, na anayechumbiwa ni bintiye wa pekee. Akanyamaza, na kaka akachukulia kwamba amekubali.

Sasa sikia kituko. Kaka mkubwa hajui hata kushika bisibisi. Akampelekea komeo yuleyule mgonjwa: "Fundi, lipige mlangoni kwako," akaondoka upesi asije akaulizwa swali.

Jumamosi, wageni wako getini, akakimbilia kile chumba. Akapapasa mlango juu, akapapasa chini. Wapi! Mbao tupu.

"Komeo liko wapi?"

"Ndani," alijibu seremala, shati limenyooka kwa pasi. "La chumba cha kulala hukaa ndani, kaka. La nje ni la stoo."

Mshonaji alikuwa nyuma yao. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Mwache," alisema. "Atakula na sisi."

"Watatukimbia!"

"Wakimbie, lakini wakiwa wameshiba."

Seremala alisalimia vizuri, akala vizuri. Wakati wa chai midomo ikaanza kumchezacheza. Akaweka kikombe chini. "Samahanini, wageni." Akaenda chumbani kwake, na komeo likasikika likifungwa kwa ndani.

Mama wa bwana harusi akauliza, "Yule ni nani?"

"Ah, fundi tu, tulimwita..." kaka mkubwa alianza.

"Ni mdogo wangu, tumbo moja," mshonaji alimkata kauli. "Anaumwa. Anasikia sauti tusizozisikia sisi. Anatibiwa, anaishi hapa, na haondoki. Mkimtaka binti yangu, mjue ana mjomba."

Bintiye aliinua uso akamtazama mchumba wake bila kupepesa. Kijana wa watu akatabasamu.

Mama wa kijana akautazama mlango uliofungwa. "Atarudi mezani?"

"Akitulia."

"Basi mbakishieni chai, mbona mnaimaliza?"

Mshonaji alicheka huku machozi yakimtoka. Hakuyafuta.

Baadaye komeo likafunguliwa. Seremala akarudi, akaketi palepale alipokuwa, akalitazama birika.

"Mmenibakishia?"

Kaka mkubwa ndiye aliyeinuka kummiminia.