Babu Aliyemo Kwenye Bima

Ferista alifika kwenye dirisha la bima mjini Tunduma kabla karani hajamaliza kitumbua chake. Mtoto alikuwa anakohoa mgongoni. Alitaka jambo moja tu: mtoto aingizwe kwenye bima ya baba yake, Lusungu, mwalimu huko Mbangala, kile kifua kipate kutibiwa.

"Jina?" aliuliza karani, dada mmoja aitwaye Agnes.

"Ambilikile."

Agnes akabonyeza mashine. "Yupo tayari."

"Huyo ni babu yake, dada. Tumemrithisha jina. Mzee alifariki wakati wa kupanda mahindi."

"Basi mpe jingine."

"Ameshaitwa hilo mbele ya ukoo, na hapo ndipo alipoacha kulia."

"Humu kwenye mashine mzee yupo hai, mama, na haipokei wawili wa jina moja. Aje mwenyewe aweke kidole, tumtoe."

Haya, ungefanyaje? Ferista akapanda gari la Ileje, akafika kwenye kaburi la mzee, akaligeuzia mgongo. Kwao mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye, na hakuna aliyewahi kumwambia kama kifo kinaondoa mwiko huo. Akasema na mtoto: "Ambilikile, mwambie babu yako anahitajika Tunduma."

Jumatatu mzee alikuwa kwenye foleni na suti yake ya kuzikiwa, udongo mwekundu viatuni. Watu walimpisha kwenye benchi kwa sababu ya umri. Akaweka kidole, mashine ikamtambua papo hapo.

"Si unaona?" alisema Agnes, wala si kwa ubaya. "Kidole kinasoma. Mtu hai siwezi kumtoa."

Mtoto akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Jamani, Ferista alimchukia yule dada na vitumbua vyake vyote.

Hospitalini waliambiwa mtoto hayumo, walipe au wasubiri. Mzee akasogea, akaweka kidole. Yeye alikuwemo. Akalazwa, akawekewa oksijeni, akachomwa sindano. Daktari alimpima moyo, hakuusikia, akaandika dozi ya mtu mzima.

Ferista alikaa akimpa mgongo, hamu ya kujua imemshika kwelikweli: dawa ikiingia kwa marehemu inakwenda wapi? Akaweka sikio kifuani kwa mtoto. Kilikuwa kinakwaruza. Baadaye kikakwaruza kidogo. Jioni mtoto alinyonya matiti yote mawili, akacheua, akalala.

"Mgonjwa anaendelea vizuri," alisema nesi, akimtazama mzee.

Mpaka leo mtoto hajaingizwa. Mzee amehamia sebuleni kwao, nyuma ya pazia, maana kwenda na kurudi Ileje kila homa ikipanda kulimchosha. Mtoto akiugua, anayechomwa ni yeye. Lusungu akija wikendi anamwamkia, wanakula ugali pamoja.

Juzi Ferista alimsikia mzee akiguna kwa uchovu. Roho ikamuuma. Akageukia ukuta, mtoto mapajani.

"Ambilikile, muulize babu yako kama hataki kwenda kupumzika."

Nyuma ya pazia mzee akajigeuza.

"Ambilikile," ikajibu sauti ya mzee, "mwambie mama yako nataka sana. Ila nikilala, wewe utatibiwa na nani?"

Ferista akachukua blanketi la pili, akalipitisha nyuma ya mgongo wake bila kugeuka. Likapokelewa.