Viti vya Alhamisi

Kila Alhamisi saa kumi jioni fundi cherehani alifunika mashine yake, akafagia nyuzi chini ya meza, akapanga viti saba kuzunguka sebule. Kiti cha nane kilikuwepo, ila kilibeba vitambaa vya wateja, na vitambaa vya wateja havikuwahi kwisha. Saa kumi na moja kikundi cha maombi kiliingia, na kabla hata ya salamu kila mmoja aliweka kiganja juu ya kiti chake.

Viti vilikuwa na moto. Si wa jua, maana dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Ulikuwa moto wa nguo iliyotoka kupigwa pasi. Tangu kikundi kianze ilijulikana kwamba mtu hukuta kiti chake kimepata joto kwa kadiri alivyoombewa siku hiyo. Mwalimu wa hesabu aliwahi kuja na kipimajoto, akasoma thelathini na nane, akaridhika, akakirudisha mkobani. Mlinzi wa ghala, ambaye mgongo ulimsumbua, alikuwa akikaa polepole kama mtu anayeingia majini.

"Mama kiongozi," alisema, "leo umeninyoosha mpaka shingo."

"Tumshukuru Mungu," alijibu fundi, akafungua kitabu cha somo.

Chai ililetwa na wifi yake. Alikuja kwenye msiba wa kaka yake, mume wa fundi, akabaki kusaidia kidogo. Miaka kumi na miwili sasa. Yeye ndiye aliyefuta viti kabla ya ibada. Kisha alikaa korido, mlangoni mwa jikoni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mahali ambapo angeweza kusikia somo na birika kwa pamoja.

Jambo moja fundi hakumwambia mtu. Tangu maagizo ya sare za shule yaanze, miezi minne iliyopita, hakuwa amemwombea mwanakikundi hata mmoja. Somo aliliandaa vizuri, mistari aliipigia chaki ya kukatia nguo, lakini magoti hayakugusa sakafu. Wiki ya kwanza aliogopa. Viti vilipozidi kuwa na moto, akaona pengine maombi yake ya zamani yalikuwa hayajapoa, kama pasi inavyokaa na joto baada ya kuchomolewa.

Halafu wifi akapata homa. Alhamisi hiyo fundi alifuta viti mwenyewe. Watu wakaja, wakaweka viganja, wakaviondoa. Mwalimu hakuvua sweta. Mlinzi alisikiliza somo amesimama. Liliisha mapema robo saa.

"Labda ni hali ya hewa," alisema mwalimu kwa upole, na nje jua lilikuwa linawaka.

Walipoondoka, fundi aliingia chumbani kwa wifi yake.

"Wifi, ukifuta viti huwa unafanyaje?"

"Nafuta."

"Basi?"

"Na kuwatajataja. Cha mlinzi, naomba mgongo wake. Cha mwalimu, yule mwanawe asiyepiga simu. Sasa mtu atafuta kiti kimyakimya kama mwizi?"

"Na changu?"

"Chako ndicho huanza nacho." Wifi akageukia ukutani. "Huchukua muda."

Fundi akaenda kupiga magoti kando ya mashine. Alhamisi iliyofuata mzee wa kanisa angekuja. Alitafuta mtu wa kusimamia vikundi vyote kumi na kimoja, na habari za viti zilikuwa zimemfikia. Fundi aliutaka wadhifa huo. Alianza na mlinzi, mawazo yakakimbilia mikono ya mashati. Akajaribu mwalimu, yakakimbilia vifungo. Ndipo akamtaja wifi yake: homa, midomo iliyokauka, miaka kumi na miwili. Alipoinuka, magoti yalikuwa na alama za nyuzi. Tangu hapo akawa anamtaja kila asubuhi, huyo tu.

Siku ya mgeni wifi alikuwa amepona, na viti alivifuta yeye. Kwa ajili ya mzee, kiti cha nane kiliondolewa vitambaa kwa dakika moja, vikapelekwa kitandani. Mzee akakaa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja chumvi akakuta imetosha.

"Siri ni nini, mama?"

Fundi alikuwa amepanga jibu tangu asubuhi, nalo lilikuwa na wifi yake ndani. Nyuso zote zilimtazama kwa upendo.

"Ni maombi tu," alisema.

Ilikuwa kweli. Mzee akaandika, akamkabidhi vikundi vyote. Mlinzi akapiga makofi bila kuinua mgongo kitini.

Wifi alileta chai, wakamshukuru fundi kwa chai. Fundi alipofuata sukari jikoni, alimkuta wifi amesimama, kiganja juu ya ndoo.

"Ina moto," alisema wifi.

"Enhe. Kaa basi."

Wifi akakaa, akafumba macho kidogo. "Umejitahidi," alisema.

Mzee alipoaga, wifi alirudi na mzigo wa vitambaa kutoka kitandani. Akakigusa kiti cha nane.

"Hiki nacho bado cha moto."

Fundi akafikiri.

"Vitambaa haviungui," alisema, akamshikia upande wa pili wa mzigo, wakavirudisha pamoja, taratibu, visijikunje.