Meza ya Wenye Majina

Siku ile Mbelwa alilala na kinyongo. Kutwa nzima alikuwa amekaa na kamati ya harusi ya binti yake Hadiya wakivutana juu ya nani akae meza kuu, na kwa kuwa alifanikiwa kumpata mwimbaji mashuhuri awe mgeni rasmi, pamoja na wapambe wake, ilibidi mtu apishe. Aliyetakiwa apishe ni dada yake Kibibi. Ndiye huyu Kibibi aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha kwa kuuza maandazi alfajiri. Lakini Mbelwa alimwambia mbele ya watu kwamba atakaa nyuma, karibu na wapishi. Kibibi hakujibu. Aliaga, akaenda zake. Na tazama mwanadamu alivyo: Mbelwa alirudi nyumbani amemkasirikia dada yake kwa kule kunyamaza. Akajinyoosha kitini kabla ya magharibi, usingizi ukamchukua.

Akajikuta katika nchi asiyoijua, uwanda mweupe wenye milango isiyo na nyumba, na juu ya kila mlango limechorwa jina. Mengi aliyajua tangu shuleni, akayasoma kwa sauti ili ionekane kwamba alisoma. Akamjia mwanamke mrefu, uso wake hauna kicheko wala hasira, akamwambia kwamba anaitwa Insafu, yaani haki, na ameagizwa amwandalie karamu. "Chagua unaotaka kula nao," akasema, "walio hai na waliokufa. Hakuna atakayekataa. Ila huku viti haviongezwi. Kila unayemkalisha, jua yupo uliyemwinua." Mbelwa alisikia nusu ya kwanza tu, na nusu hiyo ilimtosha.

Akamchagua mfalme ambaye hakuwahi kushindwa vitani, na malenga ambaye beti zake alizikariri darasani, na mchezaji mpira ambaye picha yake ilitundikwa sebuleni kwake, na tabibu aliyeponya maelfu. Sifa, bawabu wa karamu, mtu mnene mwenye sauti ya mbiu, akamtangaza kila mmoja. Kiburi akapita na birika kuwanawisha mikono. Pilau ikaletwa. Mbelwa alikuwa na maneno ya kuwaambia, maneno aliyoyatunza miaka na miaka, lakini hayakupata pa kupenya. Mfalme alisimulia vita vyake. Malenga alingoja mfalme ajaze kinywa ili asome shairi. Mchezaji alijitazama kwenye kijiko. Na tabibu, ambaye Mbelwa alimdhania mwema kuliko wote, alinung'unika kwamba malenga amekalishwa mahali pa juu kuliko yeye. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wageni wa mtu wasiyemjua, na mtu usiyemjua huna la kumwuliza.

Mwishowe malenga, kwa kuchoka tu, akamgeukia. "Na wewe unayetulisha, ni nani?"

Mbelwa akafumbua kinywa, Sifa akamzuia. Katika nchi ile, akamweleza, mtu hajitaji; hutajwa na anayemjua. Mbelwa akaizungushia macho meza nzima, hakuona hata mmoja wa kumtaja. Hofu ikamshika, hofu ya kweli, ya mtu anayehisi kwamba anafutika. Akamwuliza Insafu watu wake wako wapi, naye akamwonyesha uani, penye moshi. Kibibi alikuwa ameinamia sufuria, anapakua.

"Dada," Mbelwa akaita kwa sauti ya kitoto, "waambie mimi ni nani."

Kibibi akainua uso, akamtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma. "Mdogo wangu hakuwa akigusa chakula mpaka nikae," akasema. "Huyu bwana simjui."

Sifa akamfuta Mbelwa kwa mkono kama anayefukuza nzi, na wageni wakarudi kwenye sahani zao. Insafu peke yake ndiye aliyebaki naye. "Uliowachagua ni wakubwa kweli," akamwambia. "Ulichokosea ni kudhani kwamba ukubwa huambukizwa kwa kuketi karibu. Heshima yako ilikuwa kwa anayekujua tangu ukiwa huna kitu, nawe umemwinua kitini."

Akazinduka, mate yamemkauka. Maana ya ndoto ilimjia yote kwa mara moja, bila mfasiri, na aibu ikaja nayo. Hakungoja hata kunawa uso. Akatoka mbio kwenda kwa Kibibi, mtaa wa pili, akijiapiza njiani kwamba dada atakaa kando ya mgeni rasmi, na kama hapana nafasi, atakayesimama ni yeye baba wa harusi.

Alimkuta mkekani na wajukuu, sinia la ugali na mboga ya mchunga katikati. Mbelwa akavua viatu, akataka kujipenyeza miongoni mwao kama alivyozoea miaka yote. Kibibi akainuka upesi. Akaleta kiti kutoka ndani, akakipangusa vumbi, akaleta na stuli, na sahani ya peke yake, na kijiko.

"Dada, nafasi yako ipo," Mbelwa akasema. "Utakaa meza kuu, ubavuni kwangu."

Kibibi akamshukuru sana. Akasema wasijisumbue kwa ajili yake, wapishi watahitaji mikono, na yeye ameshawaahidi. Alisema hayo yote kwa adabu, na Mbelwa alitamani angemtukana.

"Basi niache nikae hapa chini nanyi."

"Hapana, baba Hadiya," akasema dada yake, ambaye tangu Mbelwa azaliwe hakuwahi kumwita ila kwa jina lake. "Mgeni hawekwi chini."

Kisha akarudi mkekani, akawaambia wajukuu wapunguze kelele, kuna mtu mkubwa anakula.